Maswali ya Wasomaji: Mchoro wa bibi, na binti anayesugua meko

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika kutoka Mafinga. Bibi yangu mzaa mama alifanya kazi za ndani kwa wazungu wa mashamba ya chai, Mufindi, tangu akiwa msichana. Walipoondoka baada ya uhuru walimwachia vyombo, mablanketi na picha moja ya ukutani. Bibi ametangulia mbele za haki na picha imekuja kwangu. Ni ya wino mweusi mtupu, haina rangi. Inaonyesha sebule: mama anashona kitini, mtoto kakaa chini kwenye zulia, na binti wa kazi kapiga magoti mbele ya meko ya ukutani, katupa mgongo. Bibi alikuwa akimwita yule binti "mwenzangu". Mjomba anasema hiyo ni picha ya gazeti, haina maana. Kaka yangu anataka tuipeleke stesheneri itiwe lamineshini kwa sababu imeanza kuota madoa ya kahawia. Naomba unisaidie: imechorwa kwa mkono au imechapwa? Ni ya lini? Ina thamani yoyote? Na madoa niyafanyeje? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na msiba. Umefanya vizuri kuileta mwenyewe hapa Gangilonga, Iringa mjini, kwa sababu kwenye kazi za namna hii picha ya simu inaficha nusu ya mambo.

Nianze na kaka yako, maana hilo ndilo la haraka. Mwambie aache kabisa. Mashine ya lamineshini inayeyusha plastiki kwa joto na kuigandamiza kwenye karatasi pande zote mbili, na ikishashika haibanduki bila kuichana karatasi yenyewe. Joto nalo linaichosha karatasi kuukuu, na asidi iliyokwisha kuingia inafungiwa humo humo, inaendelea kuila. Huu mtindo wa kutia lamineshini kila kitu, kuanzia vyeti vya kuzaliwa hadi picha za harusi za wazee wetu, umetuharibia mengi, na nitaendelea kuupigia kelele kwenye ukurasa huu.

Sasa swali lako la kwanza. Picha hii imechorwa kwa mkono, na ninalisema hilo bila kusitasita. Kalamu ya kuchovya ina nibu ya chuma iliyopasuliwa katikati. Ukiikandamiza, ncha zake mbili zinaachana na mstari unanenepa. Ukilegeza mkono zinakutana tena na mstari unakonda. Chukua lenzi utazame mikunjo ya aproni ya yule binti. Mistari inaanza myembamba kiunoni, inanenepa kwenye paja, inafia kwenye goti. Pale kalamu ilipokandamizwa sana, ncha mbili zimekwaruza karatasi, na ukiinamisha karatasi mbele ya mwanga utaona vijifereji viwili vinakimbia sambamba kingoni mwa mstari. Baadhi ya mistari imeishia na tone dogo la wino lililokauka likiwa limeinuka, linang'aa. Chini ya wino bado kuna penseli: miguu ya kiti ilichorwa kwanza mahali pengine, ikasogezwa. Chapa ya gazeti haina vitu hivyo. Tena nyuma ya karatasi hakuna neno hata moja lililochapwa.

Hata hivyo mjomba ana sehemu yake ya ukweli, na usimdharau. Tulipotoa fremu, kwenye ukingo wa chini uliokuwa umefichika tulikuta mstari wa penseli wenye mishale miwili, na katikati yake kumeandikwa inchi 5 na nusu. Mchoro wenyewe una upana karibu mara mbili ya hapo. Hayo ni maagizo kwa mtengeneza bamba la kuchapia: ipunguze mpaka ifike hapa. Kwa hiyo hii ni kazi iliyochorwa ili ichapwe kwenye gazeti au kitabu. Ulichonacho ndicho chanzo cha picha, kile kilichotoka mkononi mwa mchoraji.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mchoro ulipigwa picha, picha ikahamishiwa kwenye bamba la zinki, mistari ikakingwa, na sehemu zilizobaki wazi zikaachwa zitafunwe na asidi. Kilichosalia kimeinuka kilikuwa mistari mitupu. Bamba likapigiliwa kwenye kipande cha mbao na kuchapwa pamoja na herufi za maandishi. Njia hii ilishika kasi Uingereza miaka ya 1880. Kabla yake wachoraji wengi walichora moja kwa moja juu ya kibao cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, na mchongaji alipomaliza kazi mchoro ulikuwa umekwenda na vumbi la mbao. Miaka ya 1860 walianza kuhamisha mchoro kwenye kibao kwa njia ya kupiga picha, ndipo michoro ya asili ikaanza kusalimika. Kwa zinki, mchoro ulirudi ofisini mzima, na ndiyo maana michoro ya wino ya miaka ya mwisho ya Malkia Victoria inapatikana kuliko ya mwanzo.

Kuhusu umri, kusema "enzi ya Victoria" peke yake hakutusaidii, kwa sababu malkia huyo alitawala kutoka 1837 hadi 1901. Lazima tuibane. Nilipoielekeza karatasi dirishani ilionyesha alama ya maji: neno WHATMAN, na chini yake tarakimu 18, halafu mkasi umepita. Karatasi za Whatman zilitengenezwa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kwa matambara ya pamba na kitani. Wewe wa Mafinga unaona kila siku malori ya magogo ya misindano yakielekea kiwandani Mgololo, na karatasi ya mti ndiyo tuliyoizoea sote. Hii yako ni ya nguo chakavu, na kwa sababu hiyo katikati bado ni nyeupe na inakunjika bila kuvunjika, wakati karatasi ya gazeti la umri huo ingekuwa imegeuka makapi.

Kilichonisaidia zaidi ni gauni la yule mama. Mikono imevimba begani mpaka kwenye kiwiko, halafu inabana hadi kwenye kifundo. Mtindo huo ulifika kileleni mwaka 1895 na 1896, na mwaka 1897 ulikuwa umeshaanza kunywea. Angekuwa mama wa miaka ya 1850 au 1860, sketi yake ingekuwa imetandazwa na pete za chuma kiasi cha kujaza nusu ya sebule. Angekuwa wa katikati ya miaka ya 1880, angekuwa na kifurushi cha nguo kimetuna nyuma ya kiuno. Mimi ninauweka mchoro wako kati ya 1893 na 1897. Hiyo ni miaka ile ile ambayo Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga, Oktoba 1894, na watu wa nyanda hizi walikuwa wakilala porini.

Pembeni kushoto kuna herufi mbili za jina. Herufi mbili haziwi jina. Atakayekuja kukutajia mchoraji maarufu, mwombe kwanza akuonyeshe mchoro mwingine uliotiwa sahihi kwa herufi hizo na kwa mkono huo. Usidhani pia kwamba lazima ni mwanamume: Helen Allingham, kwa mfano, alianza kwa kulichorea gazeti la The Graphic mwanzoni mwa miaka ya 1870, na hakuwa mwanamke peke yake kwenye kazi hiyo.

Nimfikie sasa yule binti, kwa sababu ndiye aliyeniweka mezani mpaka jua likahama dirishani.

Amevaa gauni la pamba lenye maua madogo madogo na aproni. Hilo linakuambia saa. Wasichana wa kazi wa Uingereza ya wakati ule walivaa gauni la maua asubuhi, kwenye kazi chafu, na mchana wakabadili kuvaa gauni jeusi, aproni nyeupe na kofia safi ili wafungue mlango na kuandaa chai. Kwa hiyo ni asubuhi. Meko haina moto. Pembeni kuna ndoo ya makaa ya mawe na kisanduku cha brashi, na mkono wake wa kulia umeshika brashi. Kazi anayoifanya ni ya kila siku: kukomba majivu ya jana, kupaka chuma cha meko dawa nyeusi, kusugua mpaka king'ae, kisha ndipo awashe moto. Ile dawa nyeusi ilikuwa grafiti, madini yale yale yaliyo ndani ya penseli. Aliyemchora alimwanza kwa kitu kile kile alichokuwa nacho yeye mikononi, na nilipoliona hilo niliweka lenzi chini kwanza.

Tazama tena chumba. Kwenye nyumba ya matajiri yenye watumishi wengi, meko ilisuguliwa na moto ukawashwa kabla wenye nyumba hawajashuka kutoka vyumbani. Hapa mama ameshakaa, ana shali mabegani, na mtoto amezungushiwa kitu kizito miguuni. Wanasubiri moto. Mimi ninaisoma kama nyumba ya watu wa kipato cha kati yenye binti mmoja anayefanya yote: kupika, kufagia, kuchota maji, kulea, kupiga viatu rangi. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi kuliko majumba makubwa tunayoyaona kwenye filamu. Uingereza ya miaka ya 1890 ilikuwa na wanawake zaidi ya milioni 1 katika kazi za ndani. Bibi Isabella Beeton, ambaye kitabu chake cha mambo ya nyumba kilitoka mwaka 1861, alipanga mshahara wa binti wa kazi zote kuwa pauni 9 hadi 14 kwa mwaka mzima, na mwenyewe akakiri kwamba katika watumishi wote huyo ndiye hasa wa kuonewa huruma. Hannah Cullwick, aliyezaliwa mwaka 1833 na kuacha shajara za kazi zake za ndani, alianza kazi akiwa na miaka 8. Hata kufikia mwaka 1893 sheria ya Uingereza iliruhusu mtoto kuacha shule akiwa na miaka 11. Binti wa mchoro wako, kwa upana wa mabega yake, simpi zaidi ya miaka 15.

Halafu kuna kichwa chake. Kofia na shingo vimechorwa juu ya bonge la rangi nyeupe. Ni rangi ya zinki, iliyoanza kuuzwa na Winsor & Newton wa London mwaka 1834, na wachoraji wa magazeti waliitumia kufunikia makosa kwa vile kwenye bamba haikuonekana. Nilipogeuza karatasi na kuielekeza dirishani nikaona kilichofunikwa. Kulikuwa na uso. Kwanza alichorwa akiwa amegeuza kichwa kumtazama yule mama kutoka chini, midomo imeachana kidogo. Mchoraji akaufuta uso wote kwa rangi nyeupe na kumgeuzia mekoni.

Kwa nini? Nitakupa ninavyoona mimi. Magazeti ya vichekesho ya wakati ule, Punch likiwa la mbele tangu lilipoanza mwaka 1841, yalimtumia sana msichana wa kazi kuchekesha wenye nyumba. John Leech alikuwa na mfululizo mzima wa vibonzo vya wasichana wa kazi wanaojifanya mabibi. George du Maurier, aliyemfuata, alichora sebule za wakubwa, na watumishi humo wanasimama kama samani. Msomaji wa 1895 akiona uso wa binti umeinuliwa kwa bibi yake angetafuta mara moja maneno ya kuchekesha chini ya picha: kaomba nini, kajibu nini. Mchoraji wako alikataa mlango huo. Alimwacha na kazi yake. Na ushahidi kwamba hakumgeuza kwa kumpuuza uko miguuni: viatu vyake vimetuelekea, na misumari ya soli imechorwa mmoja mmoja, pamoja na ukingo uliolika upande wa kisigino. Uso wa yule mama mwenye nyumba una mistari michache tu. Muda wa mchoraji ulikwenda kwenye zile soli.

Bibi yako alipiga magoti namna hiyo Mufindi, kwenye ukungu wa Juni na Julai, kabla wenye nyumba hawajaamka. Alikuwa na haki ya kumwita mwenzake. Na sisi wa Iringa, ambao mabinti zetu wametawanyika kwenye nyumba za watu kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na jina la mkoa limegeuzwa kuwa jina la kazi yao, tunapaswa kuutazama mchoro huu kwa makini kuliko watu wengine.

Thamani ya fedha inategemea jina la mchoraji, na mchoro usio na jina hauwezi kukujengea nyumba. Usimpe mpita njia anayekuja na bei mkononi. Kuna kitu unachoweza kukiongeza wewe mwenyewe bila gharama: andika kwenye karatasi ya pembeni kila unachokumbuka kuhusu safari ya picha hii. Andika bibi alifanya kazi shamba gani, miaka gani, waajiri wake waliitwa nani, picha ilitundikwa wapi, na hilo neno lake. Waulize wazee waliobaki kabla hawajachoka. Karatasi hiyo ikae pamoja na mchoro siku zote. Jina la bibi lianze, la wazungu lifuate.

Madoa ya kahawia yamesababishwa na unyevu na ubao wa nyuma. Fundi wa zamani aliweka gazeti na plaiwudi moja kwa moja mgongoni, na vyote viwili vinatoa asidi. Kioo nacho kilikuwa kinagusa mchoro, na kwa ukungu wa Mufindi matone ya maji yalitanda upande wa ndani. Usiyaguse madoa. Usipake Jik, usifute kwa kitambaa chenye maji, usisugue kwa mkate kama wazee walivyofanya. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu, ukitoka katikati kwenda kingoni, na usipite juu ya ile rangi nyeupe kwa sababu imeanza kupasuka.

Tupa plaiwudi na gazeti, ila kwanza soma tarehe ya gazeti uiandike. Tafuta kadi ya pamba isiyo na asidi. Wenye maduka ya vifaa vya sanaa Dar es Salaam wanaweza kukuagizia. Mchoro usiubandike kwa selotepu wala gundi yoyote. Kunja vipande vya karatasi safi viwe mifuko midogo ya pembe tatu, pembe nne za mchoro ziingie humo, na mifuko ndiyo ibandikwe kwenye kadi. Kati ya mchoro na kioo weka fremu ya ndani ya kadi nene ili visigusane. Usitundike juu ya meko wala kwenye ukuta unaopigwa na jua. Jua la huku juu ni kali hata siku ya baridi. Majumba ya makumbusho huweka michoro ya karatasi kwenye mwanga wa kiasi cha laksi 50, ambao ni hafifu kama wa korido. Ukuta wa ndani wa chumba cha kulala, uliojengwa kwa tofali na usiopata unyevu, unatosha. Na kila baada ya masika ishushe utazame mgongo wake, maana mchwa na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia kwenye vitabu havibishi hodi.

SWALI: Mwalimu, kwema? Nipo Uyole, Mbeya. Nimesoma ulivyowahi kueleza habari za picha za kale nami nikafukua zangu. Ninayo karatasi ya gazeti la Kiingereza la The Graphic, kubwa, ina familia imekaa mezani inakula. Ina mistari mingi myeusi ya kalamu. Lakini kuna mstari mweupe mwembamba umenyooka toka juu hadi chini, unapita hata kwenye uso wa baba wa familia. Je, ni mkunjo? Na je, huu nao ni mchoro wa mkono? (Baba wa watoto watatu, Uyole)

JIBU: Kwema kabisa, kaka. Hiyo ni chapa, lakini ni chapa nzuri na ule mstari mweupe si kasoro.

The Graphic lilianzishwa mwaka 1869, na kwa miaka yake ya mwanzo picha zilichapwa kwa vibao vya mbao. Mbao yenyewe ilitoka kwenye mti mmoja mgumu uliokuwa ukiagizwa kutoka Uturuki na nchi za jirani zake, mti wenye shina jembamba. Shina jembamba haliwezi kutoa kibao cha ukurasa mzima, kwa hiyo vipande vidogo viliungwa kwa boliti nyuma. Kazi ikiwa ya haraka, boliti zilifunguliwa, kila mchongaji akapewa kipande chake, wakachonga usiku kucha, kisha asubuhi vikaunganishwa tena. Pale kiungo kilipoachia kidogo wino haukushika, na huo ndio mstari wako mweupe. Tazama pande zake mbili kwa lenzi: mara nyingi utaona mkono umebadilika, mistari ya upande mmoja imebanana kuliko ya upande wa pili.

Kitu kingine cha kutazama ni mahali mistari inapopishana, kwenye kivuli cha chini ya meza. Mwenye kalamu anapitisha mistari huku, anapitisha kule, na vijitobo vyeupe vinabaki vyenyewe katikati. Mchongaji wa mbao hana raha hiyo. Kila kijitobo cheupe alilazimika kukichimba peke yake kwa patasi ndogo, kimoja baada ya kingine, ili kuiga mpisho ambao mchoraji aliufanya kwa pumzi moja. Ndugu Dalziel wa London walikuwa na karakana nzima ya watu wa kazi hiyo. Charles Keene wa Punch alikuwa akiwasumbua wachongaji zaidi, kwa sababu alijichanganyia wino wake na mistari yake mingine ikatoka ya kijivu, wakati kibao hakijui kijivu. Kinajua kipo au hakipo.

Karatasi yako ni ya gazeti, kwa hiyo ikae bapa kwenye bahasha safi, gizani, isikunjwe tena.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Njombe. Nataka kuchora jiko la mama kwa kalamu na wino kama wachoraji wa zamani. Nikichora moshi unatoka kama nyuzi za sufi, na mchoro wote unakuwa mweusi. Nifanyeje? (Binti wa Njombe)

JIBU: Marahaba binti yangu. Umenifurahisha kuchagua jiko la mama.

Nibu za kuchovya bado zinatengenezwa. Wakati wa Victoria nyingi za dunia zilitoka Birmingham, na Joseph Gillott alikuwa mmoja wa watengenezaji wake wakubwa. Ukikosa, kalamu ya wino yenye ncha nyembamba inafaa kujifunzia. Wino utafute wa kaboni, usiochuja ukilowa. Wino wa chuma waliouandikia barua zamani uligeuka kahawia na mwingine ukatoboa karatasi. Karatasi iwe laini na nzito. Ya daftari itakunywa wino na mistari itasambaa.

Mchoro unakuwa mweusi kwa sababu unajaza kila mahali. Kabla hujachovya kalamu, amua sehemu nne au tano zitakazobaki nyeupe kabisa: mlango ulio wazi, mvuke wa chungu, kitambaa cha kichwani cha mama, ukingo wa sufuria. Hizo usiziguse mpaka mwisho. Phil May, aliyefariki mwaka 1903, alikuwa akichora mistari mingi kwanza, kisha anaipunguza mmoja mmoja mpaka akabaki na ile tu ambayo bila hiyo mtu angeanguka. Jaribu hivyo kwa penseli.

Moshi hauchorwi, mwanangu. Chora kilicho nyuma yake: ukuta wenye masizi, kuni zilizopangwa darini, vikapu. Mistari ya ukuta ikifika kwenye moshi ikate, ilegeze iwe nukta, halafu iache. Karatasi tupu iliyobaki ndiyo moshi. Anza na mafiga na mikono ya mama. Uso wake uache mwisho, na kama anakuna nazi au anakoroga ugali mwambie asisimame kwa ajili yako, aendelee na kazi, wewe umfuate.

Penseli usiifute siku hiyo hiyo. Kwa baridi ya Njombe ya Julai wino unachelewa kukauka. Subiri mpaka kesho yake mchana. Ukimaliza nitumie, na uandike nyuma jina la mama na jina la kijiji.